Kuongeza nguvu ya injini kupitia manifoldi ya hewa: 4A-FE hatua kwa hatua

Kijana mmoja aliniletea Corolla 111. Kiti cha nyuma kilijaa vitu: filta ya uyoga, bomba la kromi, na throtobodi kubwa (mlango wa hewa ya injini, wenye kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta) iliyong'olewa kwenye gari jingine. "Shikamoo fundi. Nataka hii gari ichanganye."

Marahaba. Nikamwambia aviache palepale kwenye kiti, tufungue kwanza manifoldi ya hewa, ile mirija inayogawa hewa kwa silinda nne. Gasketi ilikuwa imechungulia ndani ya tundu la silinda ya tatu kwa kama milimita mbili, imelowa mafuta meusi, na ukingo wa manifoldi ulipishana na ukingo wa silinda hedi kiasi cha kukwaza ukucha. Hewa ya silinda ile ilikuwa inajikwaa mlangoni kila ilipoingia, na bila shaka ilianza kujikwaa tangu gari lilipotoka kiwandani.

Kazi ninayoieleza hapa ni ya kuondoa huko kujikwaa. Nimeichagua injini ya Toyota 4A-FE kwa sababu ipo kila kona: Corolla 111, Spacio ya kwanza, na ndugu zake 5A na 7A kwenye Corolla 110 na Carina. Manifoldi yake ni ya alumini ya kumimina, kwa hiyo inasagika. Mwenye injini ya 1NZ, ile ya IST au Corolla NZE, manifoldi yako ni ya plastiki; usiiguse kwa grinda, hakuna cha kupata humo ila ufa.

Na tuelewane mapema kuhusu matarajio. Injini hii ikiwa nzima inatoa kama nguvu farasi 110. Kazi ya manifoldi peke yake, ikifanywa vizuri, ukipata farasi 3 hadi 5 ushukuru. Anayekuahidi 20 kwa kusaga alumini tu, muulize alipimia wapi.

Kabla ya kushika spana

Pima kompresheni ya silinda zote nne. Silinda moja ikiwa imeachwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, nguvu yako imepotelea kwenye ringi au valvu, na manifoldi haitairudisha. Angalia plagi, waya za plagi, kifuniko cha distribyuta, filta ya hewa na filta ya mafuta. Magari mengi yanayoletwa kwangu "kuongezwa nguvu" huwa yanahitaji tu kurudishiwa ile yaliyozaliwa nayo.

Kisha jua injini yako inapimaje hewa, maana jambo hili litakurudia mwishoni. 4A-FE za mwanzo, mpaka kama 1992 hivi, nozeli zake zimekaa kwenye silinda hedi. Zilizofuata nozeli zimehamia kwenye mirija ya manifoldi, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) inakisia kiasi cha hewa kwa sensa ya MAP, yaani inasoma presha ndani ya manifoldi na mzunguko wa injini, halafu inaenda kwenye jedwali lake kutafuta mafuta ya kumwaga. Haiioni hewa yenyewe. Ukiirahisishia hewa njia baada ya hapo ilipochukua kipimo, jedwali halina habari.

Kipimo cha geji ya vakyumu

Geji hii haina gharama kubwa, na ingewaokolea watu fedha nyingi kama wangeitumia kabla ya kununua throtobodi.

Unganisha geji kwenye mpira mmojawapo wa vakyumu unaotoka kwenye chumba cha hewa cha manifoldi, nyuma ya kipepeo. Gari likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, na injini imepata joto, kwenye usawa wa bahari sindano itulie kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Kila ukipanda kama mita 300, toa inchi moja. Sindano ikitetemeka au ikiwa chini sana, tafuta hewa inayovuja au valvu isiyofunga. Hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Sasa pitisha mpira mrefu mpaka ndani ya gari, mwenzio akae na geji mapajani. Barabara iliyonyooka, isiyo na watu, gia ya tatu (otomatiki, ibane kwenye 2), kanyaga mafuta mpaka chini kuanzia mizunguko 2,500 kwa dakika mpaka 6,000. Mwenzio asome sindano kule juu. Wakati kipepeo kimefunguka chote, vakyumu inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikibaki inchi moja na nusu au mbili, kuna kitu kabla ya chumba cha hewa kinaikaba injini: filta, bomba, au throtobodi. Hewa yote ya usawa wa bahari ni inchi 30 hivi za zebaki, kwa hiyo kila inchi moja inayobaki kwenye geji ni kama asilimia 3 ya hewa yako, sawa na farasi tatu na ushei kwa injini ya 110. Toa filta, rudia kipimo mara moja tu (vumbi), utajua kosa liko upande gani.

Ikisoma karibu na sifuri, throtobodi kubwa haitakupa kitu. Yule kijana tulimpimia: robo ya inchi. Throtobodi yake ilirudi kwenye kiti cha nyuma.

Ila geji hii haioni yanayotokea mbele ya chumba cha hewa, yaani ndani ya mirija na kwenye matundu ya silinda hedi. Huko tunategemea macho, ukucha na maji.

Mrija mrefu, mrija mfupi

Utakutana na mtu atakayekwambia "ikate mirija iwe mifupi, gari litaruka". Msikilize, kisha fanya hesabu hii.

Valvu ya hewa inapofunguka na pistoni kushuka, inatuma wimbi la presha ndogo kurudi nyuma kwenye mrija, kwa kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde. Wimbi likifika mwisho wa mrija, kwenye chumba cha hewa, linageuka na kurudi likiwa presha kubwa. Likirudi valvu ikiwa karibu kufunga, linasukumia hewa ya nyongeza ndani ya silinda, bure. Kwenye mizunguko 6,000, mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.01. Valvu iliyofunguka kwa nyuzi 240 inakaa wazi sekunde 0.0067 hivi, na kwa muda huo wimbi linasafiri mita mbili na robo. Kwenye mizunguko 3,000 lina muda mara mbili ya huo. Kwa hiyo mrija mrefu unafaa mzunguko wa chini, mrija mfupi unafaa wa juu. Mrija mmoja haufai kote.

Viwanda vimehangaika na hili miaka mingi. Mwaka 1960 Chrysler waliuza injini za V8 zenye mirija ya inchi 30, imevuka juu ya injini mpaka upande wa pili, kwa ajili ya mvuto wa katikati. Kwa waliotaka mbio wakatoa nyingine ambayo kwa nje inafanana, ila kuta za ndani zimeondolewa ili mrija ufanye kazi kama wa inchi 15. Toyota kwenye 4A-GE ya kwanza waliipa kila silinda njia mbili na kuifunga moja kwa vipepeo mpaka injini ipite mizunguko 4,000 na kitu, wakaiita T-VIS. Hao ni watu wenye maabara, na bado walilazimika kuchagua au kuweka vipepeo.

Sasa jiulize gari lako la kwenda kazini, kwenye foleni ya Ubungo, linafika mizunguko 6,000 mara ngapi kwa wiki. Mimi niliwahi kuwa mbishi. Manifoldi ya Carina yangu niliitanua kuanzia mdomoni mpaka biti ya kusagia ilipokomea, nikaipenda kwa macho. Kule juu gari lilikuwa tamu kidogo. Mlima Kitonga, pale nilipozoea kupanda na gia ya tatu, nikashuka ya pili na lori likanipita. Mrija mpana unapunguza kasi ya hewa, na kwenye mzunguko wa chini kasi ndiyo inayojaza silinda. Nilinunua manifoldi nyingine ya mtumba na kuanza upya.

Kwa gari la barabarani, kwa hiyo: urefu uache kama ulivyo, upana uache kama ulivyo. Ondoa ngazi, yaani pale kingo zinapopishana, sawazisha mirija minne ilingane, basi.

Hatua ya 1: Kufungua

Toa relei ya pampu ya mafuta, washa injini, iache ijizimie yenyewe kwa kukosa mafuta. Piga starta mara moja zaidi. Sasa ndipo ufungue terminali hasi ya betri. Ukiruka hili, utakapofungua reli ya mafuta petroli itakurukia usoni.

Injini iwe baridi. Mwaga kulanti kiasi, maana kuna mipira ya maji inayopita kwenye throtobodi. Piga picha kwa simu kila upande, kisha bandika kipande cha plasta kwenye kila mpira na kila soketi, uandike namba pande zote mbili. Unajiona unakumbuka, hutakumbuka.

Ondoa bomba la hewa, waya wa akselereta, soketi ya sensa ya throto, soketi ya vali ya sailensi, mpira wa MAP, mpira mnene wa breki, kisha reli ya mafuta na nozeli zake. Weka kitambaa chini ya maungio ya mafuta. Nozeli zing'oe zote pamoja na reli, kwa kutikisa taratibu, bila bisibisi. Chini ya manifoldi kuna bano la chuma linaloishikilia kwenye bloku, watu wengi hulisahau wakabaki wanavuta manifoldi wakidhani imeganda. Legeza boliti na nati kuanzia za pembeni kuja katikati, nusu mzunguko kila moja, ili alumini isipinde.

Manifoldi ikitoka tu, ziba matundu ya silinda hedi kwa vitambaa safi. Hesabu vitambaa. Andika idadi kwenye plasta na ubandike kwenye kioo cha mbele.

Hatua ya 2: Kusoma alama

Usikimbilie kuosha. Uso wa manifoldi uliochafuka ni ramani. Gasketi imeacha mstari wa masizi kuzunguka kila tundu. Penye alumini inayong'aa ndani ya mstari, hewa ilikuwa haipiti, na penye doa jeusi lililotambaa kuelekea nje, palikuwa panavuja.

Baada ya kuisoma, osha na upime unyoofu. Laza rula ya chuma juu ya uso, mulika tochi kwa nyuma, pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Ikiingia ya milimita 0.2, peleka kwa fundi wa mashine aisawazishe uso kabla ya kazi nyingine yoyote. Kusaga matundu mazuri kwenye manifoldi iliyopinda ni kupaka rangi nyumba isiyo na paa.

Hatua ya 3: Kuchora

Hapa ndipo kazi ilipo. Wengi huchukua gasketi mpya, wakaiweka juu ya manifoldi, wakasaga kufuata tundu la gasketi. Tatizo ni kwamba gasketi inacheza kwenye boliti, na matundu yake kwa kawaida ni makubwa kuliko ya silinda hedi. Ukiifuata, utatengeneza ngazi mpya kubwa kuliko ya mwanzo.

Fanya hivi. Kata kadibodi nyembamba, ile ya boksi la shati, iwe kubwa kidogo kuliko uso wa manifoldi. Itoboe kwa ajili ya stadi na boliti ili ikae palepale bila kucheza. Ibane kwenye silinda hedi, na kwa kichwa cha nyundo ndogo gongagonga taratibu kuzunguka kila tundu mpaka ukingo ujichore wenyewe kwenye kadibodi. Kata kwa wembe. Sasa una sura halisi ya matundu ya silinda hedi pamoja na mahali pake.

Hamishia kadibodi kwenye manifoldi. Kumbuka kwamba uso wa manifoldi unaitazama silinda hedi, kwa hiyo upande wa kadibodi uliogusa hedi sasa unakuwa juu, unakutazama wewe. Ukiukosea, silinda ya kwanza itakuwa ya nne. Paka rangi ya kucha nyekundu kuzunguka matundu ya manifoldi, iache ikauke, kisha kwa sindano ya kushonea iliyobanwa kwenye plaizi chora mstari kufuata kadibodi. Rangi ya kucha haifutiki kwa mafuta ya taa kama kalamu inavyofutika.

Utaona palipo na alumini ndani ya mstari. Hiyo ndiyo ya kutoa. Usifike kwenye mstari wenyewe, bakiza kama nusu milimita. Tundu la manifoldi likiwa dogo kidogo kuliko la silinda hedi, hewa inashuka kutoka padogo kwenda pakubwa, haigongi kitu, na ukingo ule mdogo unasaidia kuzuia hewa inayotaka kurudi nyuma kwenye mzunguko wa chini. Linalodhuru ni kinyume chake, tundu la manifoldi kubwa kuliko la hedi, hewa inagonga ukuta. Na palipo hivyo tayari, huwezi kurudisha alumini kwa kusaga. Hapo ni silinda hedi ndiyo ingesagwa, ikiwa imeshushwa, kamwe isiwe bado iko kwenye gari.

Hatua ya 4: Kusaga

Unahitaji grinda nyembamba ya mkono, ya upepo au ya umeme, na biti ya kabaidi yenye meno mapana ya alumini. Biti ya kusagia chuma, yenye meno madogo, itajaa alumini ndani ya sekunde kumi. Hata hiyo ya meno mapana iguse kwenye mshumaa kila baada ya muda, nta inazuia alumini kung'ang'ania. Vaa miwani na barakoa, na usivae glovu za kitambaa karibu na biti inayozunguka.

Shika kwa mikono miwili, biti iendelee kutembea. Ukisimama sehemu moja unachimba shimo. Toa alumini mdomoni kwanza mpaka karibu na mstari, halafu ingia ndani ukiupunguza ukingo taratibu kwa kina cha sentimita 2.5 hadi 3, ili tundu jipya liungane na mrija wa zamani bila kona. Funga macho, pitisha kidole. Kidole ni kipimo kizuri kuliko jicho hapa, macho yanadanganywa na mng'ao.

Kiti cha nozeli usikiguse. Oringi ya nozeli inakaa pale; mkwaruzo mmoja, hewa inavuja milele. Angalia pia unene wa ukuta karibu na matundu ya boliti, gusa nje kwa kidole huku ukisaga ndani, ukisikia joto limepenya haraka sana, umekaribia nje. Katikati ya mrija biti haifiki, na hakuna haja.

Malizia kwa msasa namba 80 uliozungushwa kwenye kijiti, ukipenda pita na 120. Ishia hapo. Kuna watu wanang'arisha matundu ya hewa mpaka unajiona sura. Petroli inagusa kuta zile, na kwenye uso laini kama kioo matone yake yanashikana na kutiririka; uso wenye ukwaru kidogo unayaachia yarudi hewani. Mng'ao wa kioo upeleke kwenye ekzosi, huko angalau masizi yatachelewa kushika.

Hatua ya 5: Maji na sirinji

Sasa linganisha mirija. Simamisha manifoldi, matundu ya kwenda kwenye hedi yakitazama juu. Ziba kiti cha nozeli na kizibo cha mpira. Chini kabisa, kule mrija unapoingia kwenye chumba cha hewa, ziba kwa plastisini au mpira uliopakwa grisi, kwa kina kilekile kwenye mirija yote minne. Laza juu ya tundu kipande cha kioo cha plastiki chenye kitobo, chini yake grisi nyembamba. Kwa sirinji ya mililita 60 jaza maji yaliyotiwa rangi ya chakula mpaka povu la mwisho litoke kwenye kitobo. Andika.

Rudia kila mrija mara mbili. Ukiona tofauti ya mililita mbili au tatu, iache. Mrija mmoja ukiachwa mililita nane, rudi uangalie mdomo wake, mara nyingi ni wewe ulisaga mmoja kwa hamu kuliko mwingine. Kumbuka kusawazisha ni kuwafuata wakubwa kwa kuwatoa wadogo alumini, kwa hiyo tangu mwanzo anza na mrija ulio mdogo.

Hatua hii mafundi wengi wanairuka. Mimi naithamini kuliko kusaga kwenyewe, kwa sababu kontroli boksi inazipa nozeli nne mafuta sawasawa. Silinda inayopata hewa zaidi inakonda mafuta, nyingine inazidishiwa, na gari linatikisika sailensi ukashindwa kujua kwa nini.

Hatua ya 6: Throtobodi

Osha kipepeo na mhimili wake. Angalia kama gasketi ya throtobodi nayo imechungulia ndani. Ikate kwa wembe. Pale chumba cha hewa kinapokutana na throtobodi, ukiona ngazi, ilainishe kwa namna ileile. Skrubu ndogo ya kizuizi cha kipepeo, iliyopakwa rangi kiwandani, usiizungushe.

Hatua ya 7: Kuosha

Alumini haivutwi na sumaku. Chembe moja iliyobaki kwenye pembe ya chumba cha hewa itasubiri siku ukikanyaga mafuta, ipite kwenye valvu, ikwaruze ukuta wa silinda. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, brashi ya chupa ya mtoto kwa kila mrija, kisha upepo wa kompresa pande zote, kisha rudia yote tena. Mara ya tatu pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na chembe yoyote inayometa, bado.

Hatua ya 8: Kufunga

Toa vitambaa, uvihesabu na ile namba kwenye kioo. Futa uso wa silinda hedi, usiukwangue kwa kisu.

Gasketi mpya, kavu, bila silikoni. Silikoni ikibanwa inatoka ndani ya tundu kama mdomo, na umerudi pale ulipoanzia. Oringi za nozeli weka mpya, zipake tone la oili ya injini ziingie bila kukunjika. Nozeli iliyokaa vizuri unaweza kuizungusha kwa vidole. Kaza manifoldi kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, mpaka kama nyutoni-mita 20. Hizo ni boliti za milimita 8 ndani ya alumini, mkono wa fundi mwenye hasira unazing'oa nyuzi. Rudisha lile bano la chini.

Jaza kulanti, toa hewa. Rudisha betri na relei. Kwenye soketi ya uchunguzi chini ya boneti unganisha FP na +B kwa waya ili pampu ya mafuta izunguke, washa swichi bila kupiga starta, kisha tazama reli ya mafuta kwa tochi na unuse. Hakuna tone? Zima swichi, toa waya, endelea.

Hatua ya 9: Kuwasha na kupima

Injini ikishapata joto na feni imewaka mara moja, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupigia pasi kwenye mstari wa gasketi na kwenye oringi za nozeli. Sailensi ikibadilika, hapo panavuja. Watu wengine hutumia petroli au spreyi ya kabureta. Inawaka moto, na manifoldi ya ekzosi haiko mbali.

Taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche, iangalie kwa taa: unganisha TE1 na E1 kwa waya kwenye soketi ileile ya uchunguzi, na alama isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Ukitoa waya huo ndipo kontroli boksi inarudi kazini.

Halafu lile jambo la MAP. Ukiendesha kawaida, sensa ya oksijeni inarekebisha mafuta yenyewe. Ukikanyaga mpaka chini, inaachwa kando na jedwali linatawala. Kwa kazi ndogo kama hii, jedwali la kiwandani limeacha nafasi ya kutosha, lakini hakikisha: weka plagi mpya, vuta gari mpaka mizunguko ya juu gia ya tatu, zima swichi ukiwa umekanyaga klachi, usimame kando kwa usalama, toa plagi. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri. Nyeupe kama chokaa, au sauti ya kokoto ukikanyaga, injini imekonda mafuta. Pima presha ya pampu na usilivute gari tena mpaka ujue.

Kupima faida, weka simu ikirekodi dashibodi, barabara ileile, saa ileile, gia ya tatu, kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, mara tatu kwenda na tatu kurudi, kisha uchukue wastani. Video za kabla ya kazi ulipaswa kuwa nazo. Zirekodi siku ileile unapokwenda barabarani na geji, kabla ya kufungua chochote. Usilinganishe muda wako na wa rafiki aliye Arusha: kule, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa imepungua kwa karibu asilimia 15, na injini yake imeacha njiani farasi wengi kuliko uliowapata wewe kwa siku mbili za kusaga.

Baada ya kilomita 500, injini ikiwa baridi, pitia tena boliti za manifoldi. Na kama sailensi inapanda na kushuka yenyewe, kabla ya kufungua chochote tafuta mpira uliousahau. Mara nyingi ni ule mwembamba wa MAP, umening'inia nyuma na plasta yako bado imeubandika.